Sufuri ya Ndinda

Ndinda alikuwa na kanuni yake ya kusikiliza hadithi za mumewe: gawanya kwa nne, kisha ondoa simba. Gedion akisema alifukuzwa maili nane na simba wawili, mkewe alijua ni maili mbili, na aliyemfukuza ni mbwa wa mtu. Kwa kanuni hiyo walikuwa wamefika mwaka wa thelathini na tisa wa ndoa, na bado walikuwa wakichekeshana.

Gedion Kilonzo hakuwa mtu wa Kilungu. Alizaliwa Matinyani, kule Kitui, na jambo hilo lilimfaa sana, maana kila uongo wake aliupeleka ukaishi huko, mahali ambapo hakuna jirani angejisumbua kwenda kuuliza. Alikuwa mfanyakazi wa barabara, yule anayeburuta mnyororo wa kupimia nyuma ya wapima ardhi. Kikosi chake kilikuja Kilungu kwa kazi ya wiki tatu. Siku ya pili akamwona Ndinda akimkimbiza kuku kuzunguka jiko, akaangusha mnyororo, akamkamata kuku. Barabara ikaisha, wenzake wakapanda lori, yeye akabaki. Shule yake ilikuwa darasa la saba. Mengine alijifundisha mwenyewe, hasa kutoka kwa kitabu kimoja cha hesabu cha sekondari alichokiokoa sokoni Mbumbuni, mikononi mwa muuza njugu aliyekuwa amekwisha kuchana kurasa kumi na sita za kufungia njugu.

"Ndiyo maana mwanzo wa hesabu siujui," Gedion alipenda kusema. "Mimi huanzia katikati."

Sasa wote wawili walikuwa wamestaafu, yeye barabarani, Ndinda katika jiko la shule ya bweni alikopika miaka ishirini na sita. Binti yao Kavindu alikuwa ameolewa. Nyumba ilibaki na watu wawili, paka, na kile kitabu.

Ndinda naye hakuwa mtu wa kukaa bure. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akitunza daftari la mwethya, lile kundi la majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na watu waliipenda. Asiyefika siku ya kazi aliandikiwa alama ya kutoa. Aliyeleta mtu wa ziada, au aliyebaki wenzake wakienda nyumbani, aliandikiwa alama ya kujumlisha. Mwisho wa msimu Ndinda alijumlisha zote, na mwenye sufuri alikuwa mtu safi, asiyedai wala kudaiwa. Hakuna aliyewahi kuondoka kwenye mkutano wa Ndinda amenuna.

Kwa sababu ya daftari hilo, afisa wa kilimo alipokuja kufundisha upimaji wa matuta, kundi zima lilimnyooshea kidole Ndinda. Afisa huyo aliitwa Najma, msichana wa Kitui mjini, hijabu kichwani na gambuti miguuni, na alipanda mteremko kama mtu aliyezaliwa juu ya mti. Alikuwa na siku moja tu ya kufundisha kabla ya kwenda kwa makundi mengine. Aliwapa nguzo mbili za kimo kimoja, kamba ya mita kumi, na pimamaji ndogo ya kuning'iniza katikati ya kamba, kile kichupa chenye povu ndani. Povu likikaa katikati, miguu ya nguzo mbili iko kimo kimoja. Lisipokaa, unateremsha kamba kwenye nguzo moja mpaka litulie, na ule urefu ulioteremsha ndio unaoonyesha kigingi kimepanda au kimeshuka kiasi gani.

"Kigingi cha kwanza ndicho sufuri yenu," Najma aliwaambia. "Vingine vyote visipishane nacho zaidi ya sentimita tatu. Iwe juu, iwe chini, tatu tu."

Ndinda aliandika yote. Aliacha shule kidato cha pili, baba yake alipokosa karo, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemkabidhi kalamu na kumwita mpimaji. Aliikunja ile karatasi akaiweka ndani ya Biblia.

Shamba la kwanza lilikuwa la Kasiva, mjane mwenye mteremko mkali kuliko yote. Msimu uliopita maji yalimkatia korongo kutoka juu mpaka karibu na mlango wa jiko, yakaondoka na mbaazi, yakaondoka na mbolea ya mbuzi, yakaondoka na udongo wenyewe. Alichobakiwa nacho ni kile kipande cha juu. Mwethya ungemchimbia mtaro wa fanya juu, ule ambao udongo wake hutupwa upande wa mlima ukawa tuta, na maji yakisimama ndani ya mtaro yanaingia ardhini polepole. Lakini mtaro usiolala sawasawa ni hatari kuliko kukosa mtaro. Maji ya shamba zima yanakimbilia mahali palipo chini, yanapasua hapo, na yanashuka kwa pamoja kama ng'ombe waliovunja boma. Jiko la Kasiva lilikuwa chini yake kabisa, na mvua za Novemba zilikuwa zimebakisha siku chache.

Vigingi kumi vilisimikwa Jumatatu. Jumatano Ndinda alirudi kuvihakiki, Kasiva akishika nguzo moja, mwenyekiti wa mwethya, Mzee Kimeu, akishika ya pili. Vigingi sita vilikuwa sawa kabisa na cha kwanza. Cha nne, cha saba na cha tisa vilikuwa na tofauti. Ndinda aliandika, akajumlisha, akapiga mstari chini, na moyo ukamruka kwa furaha.

"Sufuri!" alisema. "Mstari wote umetoka sufuri!"

"Bwana asifiwe!" Kimeu alisema. "Basi Ijumaa tunachimba. Tangu leo huyu si Mama Kavindu tena. Huyu ni Injinia."

Ndinda alishuka nyumbani akilibeba jina hilo kama mtu abebaye mayai.

Alhamisi mchana alikuwa amekaa kibarazani akipepeta mbaazi, na Gedion ameketi kwenye kigoda karibu naye, daftari la mwethya magotini. Alilisoma mara moja. Akalisoma tena. Kisha akanyamaza, na Gedion akinyamaza, hata paka huinua kichwa.

"Sema," Ndinda alisema.

"Sina neno."

"Baba Kavindu, siku ambayo huna neno tutakuwa tunakuzika. Sema."

Gedion alifunga daftari, kidole kikiwa kimebaki ndani kama alama. "Nimemkumbuka tu Nzioka. Nimewahi kukuambia habari za Nzioka wa kule kwetu Matinyani?"

"Yule aliyeoa mara tatu siku moja?"

"Huyo ni binamu yake. Huyu alikuwa mtu wa hesabu. Siku moja alitumwa na mkewe kupeleka barua kwa wakwe, maili ishirini kwenda. Akaenda. Wakwe hawakuwepo. Akarudi, maili ishirini. Alipofika akaomba chakula. Mkewe naye alikuwa amejifunza hesabu kwa mumewe. Akamwambia: 'Umekwenda ishirini mbele, umerudi ishirini nyuma. Ishirini toa ishirini ni sufuri. Wewe hujatembea popote, mume wangu. Na mtu ambaye hajatembea hana njaa.' Akafunika sufuria."

Ndinda alicheka mpaka mbaazi zikaruka nje ya ungo. "Na Nzioka alisema nini?"

"Angesema nini? Hesabu ni sawa. Alilala njaa. Lakini usiku kucha miguu yake ilikuwa imevimba kama viazi vikuu, kwa sababu miguu haikusoma hesabu hiyo. Miguu haijui kutoa, Mama Kavindu. Kwenda ni ishirini, kurudi ni ishirini. Miguu ilihesabu arubaini."

Ndinda aliendelea kucheka kidogo, halafu kicheko kikapungua, halafu kikaisha. Aliweka ungo chini.

"Lete daftari."

Gedion alimpa. Ndinda alitazama ukurasa wake mzuri, wenye mstari chini na sufuri iliyonona kama kuku wa Krismasi. Jumlisha kumi na nne. Toa tisa. Toa tano.

"Kumi na nne juu," alisema polepole. "Na hapa tisa chini. Na hapa tano."

"Ndiyo."

"Zinafidiana."

"Kwenye mwethya zinafidiana. Mtu akikosa leo akazidisha kesho, tunamwita mtu safi. Sijui kama maji yana moyo huo."

Ndinda aliona, wazi kama anavyoona uani kwake, maji yakija kwenye kigingi cha saba, sentimita tisa chini ya wenzake. Je, yangekiuliza kigingi cha nne kama kimezidisha? Yangemiminika tu. Alifunika mdomo kwa kiganja.

"Nimekosea," alisema. "Mbele ya watu wote. Na wameniita Injinia."

"Hujakosea kujumlisha. Umejumlisha kitu kisichofaa kujumlishwa hivyo." Gedion alisogeza kigoda. Aliokota kijiti akachora kwenye vumbi mistari miwili iliyosimama, akiacha nafasi katikati. "Tazama. Hiki kitabu changu kina nyumba hii. Kuta mbili, haina paa. Namba ikiingia na alama ya kutoa, inatoka bila alama. Ikiingia na ya kujumlisha, inatoka vile vile ilivyo. Toa tisa inaingia, tisa inatoka. Inaitwa thamani kamili. Haiulizi uko upande gani wa sufuri, inauliza uko mbali kiasi gani."

"Na sufuri ikiingia?"

"Inatoka sufuri. Ndiyo peke yake isiyo na pacha. Namba nyingine yoyote ina pacha wake ng'ambo, na wote wawili wakipita mle ndani wanatoka na sura moja."

"Na kuna inayotoka imeshuka chini ya sufuri?"

"Hakuna. Ngoja nikuonyeshe." Alichora mistari miwili iliyokutana chini kama pembe za mbuzi. "Simama pale kijitoni, chini kabisa. Ukienda upande wa kanisa, unapanda?"

"Napanda."

"Ukienda upande wa kwa Kimeu?"

"Napanda, na ananisimamisha njiani kunihubiria."

"Kuna upande wa kushuka?"

"Hakuna. Kijito ndicho mwisho."

"Basi hiyo ndiyo picha yake. Chini pale ni sufuri, na kila hatua unayoiacha sufuri, huku au kule, unapanda kiasi kile kile. Hatua tisa za huku na hatua tisa za kule, umefika kimo kimoja."

Ndinda alikodolea macho ile picha. Alikuwa na tabia, tangu kidato cha pili, ya kuuliza swali moja zaidi ya lile mwalimu aliloliandaa. "Na kama Najma angesema kigingi cha tatu ndicho sufuri, si cha kwanza?"

Gedion alikuna kidevu. "Bonde linahama. Unalibeba lote na pembe zake, unalitua kwenye cha tatu. Umbo halibadiliki." Akamtazama mkewe. "Swali hilo mimi nilihitaji miezi miwili kulifikia."

"Gawanya kwa nne," Ndinda alisema, lakini mdomo ulikuwa umeanza kutabasamu.

Walijumlisha upya, pamoja, vichwa vikigusana. Kumi na nne, na tisa, na tano. Ishirini na nane. Mstari ambao Ndinda alikuwa ameutangaza kuwa sufuri ulikuwa na ishirini na nane ndani yake, na kila kimoja cha vile vigingi vitatu kilikuwa kimepita ile tatu ya Najma. Ndinda alikwenda ndani, akachukua kalamu, akaandika ukurasa mpya kwa mwandiko wa taratibu: cha nne, kumi na nne, cha saba, tisa, cha tisa, tano. Hakuweka alama hata moja. Zilitoka kwenye kuta mbili zikiwa safi. Kisha akauchana ule ukurasa wa zamani wenye sufuri, akausokota, akausukuma chini ya sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na akasimama kuhakikisha umeshika moto. Hakutaka Kimeu auone hata siku ya kiyama.

Muthokoi uliiva vizuri jioni ile.

Ijumaa asubuhi walikuwa wanakunywa chai kabla ya kupanda kwa Kasiva. Mpango ulikuwa Ndinda afike mapema, asogeze vigingi vitatu, ndipo mwethya ufike. Gedion alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Cha nne ndicho kiko juu, au kiko chini?" aliuliza.

Ndinda alifungua daftari. Akasoma. Akageuza ukurasa, kama kwamba alama zingekuwa zimejificha nyuma.

"Kumi na nne," alisema.

"Kumi na nne juu ama chini?"

"Kumi na nne, Baba Kavindu. Imeandikwa kumi na nne."

Walitazamana. Kisha wote wawili, kwa pamoja, wakatazama majivu ya jikoni.

"Ee Mungu wangu," Ndinda alisema.

Alijaribu kukumbuka. Jana alikuwa anazijua zile alama kama majina ya ndugu zake, lakini usiku kucha alikuwa amezigeuza na kuzigeuza kichwani, zikifidiana na kutofidiana, mpaka zikawa kama viatu vilivyorundikwa mlangoni mwa msiba. Kila alipoiona kumi na nne iko juu, dakika moja baadaye aliiona iko chini.

"Na ukikisogeza upande usiofaa?"

"Tisa inakuwa kumi na nane," Gedion alisema. "Unakipeleka mbali zaidi badala ya kukirudisha."

"Kwa nini hukuniambia nizibakize zile alama?"

Gedion aliinamisha kichwa. Ilikuwa nadra. "Kwa sababu nilikuwa nimefurahi unanisikiliza," alisema. "Ile nyumba ya kuta mbili inakuambia uko mbali kiasi gani, na inachukua upande kama malipo yake. Kitabu kinasema hivyo, ukurasa huo huo. Ukiambiwa umbali ni tisa, majibu ni mawili. Niliruka mstari huo, hadithi ilikuwa inakwenda vizuri."

Angeweza kumkasirikia. Badala yake Ndinda alishika kikombe kwa mikono miwili akawaza, na Gedion, kwa busara ya miaka thelathini na tisa, akamwongezea chai. Nje sauti za kwanza zilikuwa zimeanza kusikika ng'ambo ya bonde. Mwethya wa Kilungu hauendi kazini kimya. Wanaimba, na wanapoanza kuimba wana nusu saa ya kufika.

"Jumla ilikuwa sufuri," Ndinda alisema.

"Tumekwisha kubali kwamba sufuri ile haifai."

"Haifai kusema mstari uko sawa. Lakini haikuwa uongo. Nilijumlisha vizuri, ikatoka sufuri." Aliweka kikombe chini, akaanza kunyoosha vidole. "Kumi na nne, tisa, tano. Ili zifidiane, kumi na nne lazima iwe upande wake peke yake, na tisa na tano ziwe pamoja upande wa pili. Hakuna njia nyingine. Tisa na kumi na nne zikiwa pamoja, tano itaweza wapi kuzivuta?"

Gedion aliziachilia kamba za viatu.

"Kwa hiyo sihitaji kupima vyote vitatu," Ndinda alisema, akiwa amekwisha simama na kujifunga leso. "Kimoja tu kikisema kiko upande gani, vingine viwili vimejitaja. Chukua nguzo. Mbona umekaa?"

"Namtazama Injinia," Gedion alisema.

"Mtazame ukitembea."

Walipanda wakihema. Kasiva aliwakuta kwenye kigingi cha tatu, akamwaga chai aliyokuwa ameshika, akapewa kamba bila maelezo. Gedion alisimamisha nguzo yake kwenye kigingi cha tatu, kilichokuwa sawa na cha kwanza. Ndinda alisimamisha yake kwenye cha nne. Kasiva alikaa katikati akitazama povu.

"Limekwenda wapi?" Ndinda aliuliza.

"Limekimbilia kwako, mwaitu," Kasiva alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

Povu hupanda upande ulio juu. Ndinda aliteremsha kamba kwenye nguzo yake, sentimita kwa sentimita, mpaka Kasiva akasema basi, limetulia. Kumi na nne kamili. Kigingi cha nne kilikuwa juu. Basi cha saba na cha tisa vilikuwa chini, na Ndinda hakuhitaji hata kuvigusa ili kujua.

Lakini mwethya ulikuwa umefika. Watu ishirini na wawili walikuwa wamesimama chini ya mteremko na majembe mabegani, wimbo umekatikia katikati, wakiwatazama wazee watatu waliofungana kamba.

"Injinia!" Kimeu aliita akipanda. "Mbona bado mnapima? Sufuri imeharibika usiku?"

Watu wakacheka. Gedion aliweka nguzo chini haraka akasonga mbele. Ndinda alijua mwendo ule. Ulikuwa mwendo wa uongo unaokuja.

"Mwenyekiti," Gedion alianza, "kosa ni langu. Jana nililichukua daftari nikalisahau uani. Sasa kuna punda mmoja, nami namjua punda huyo tangu Matinyani—"

"Nyamaza, Baba Kavindu," Ndinda alisema, na mkono wake ulipomshika kwenye kiwiko ulikuwa mpole kuliko maneno. "Asante. Lakini nyamaza."

Aligeuka akawatazama watu.

"Niliwaambia Jumatano kwamba mstari ni sufuri. Nilikosea. Nilipima vizuri, nikahesabu kama ninavyowahesabia ninyi. Mzee Kimeu, mwaka jana ulikosa siku mbili, ukaleta mtu wa ziada mara mbili. Nilikuandikia nini?"

"Sufuri," Kimeu alisema. "Na ulifanya haki."

"Nilifanya haki kwa sababu watu husameheana. Maji hayasamehe. Pale kwenye kigingi cha saba ni sentimita tisa chini. Maji yakifika pale hayatauliza kama cha nne kiko juu kumi na nne. Yatapasua pale, na yakipasua pale yatakwenda wapi?"

Wote walikuwa wametazama paa la jiko la Kasiva.

"Kwa hiyo tofauti ya juu na tofauti ya chini, zote ni makosa, na zote zinajumlishwa. Jumla ni ishirini na nane, si sufuri. Nilijua jana. Nilichoma ukurasa kwa aibu, na aibu hiyo nusura iniongezee kosa. Sasa najua kila kigingi kiende upande gani. Nipeni dakika kumi nivisogeze. Mkitaka mpimaji mwingine baada ya hapo, nguzo hizi hapa."

Kimeu alivua kofia, akaitazama ndani kama kwamba maneno yake yalikuwa humo. Kabla hajayapata, Kasiva alikohoa.

"Mwenyekiti, na mimi nina neno."

"Na wewe?"

"Jumanne mbuzi walikata kamba. Waling'oa vigingi vitatu. Nilivirudisha kwa macho tu, nikasawazisha mashimo kwa jembe yasionekane. Niliona haya. Mmekuja kunisaidia, halafu mbuzi wangu..."

"Cha nne, cha saba na cha tisa?" Ndinda aliuliza.

"Hivyo hivyo, mwaitu."

Sasa kicheko kilitoka kwa watu ishirini na wawili kwa mpigo, kikashuka bondeni, kikarudi. Mama mmoja aliketi chini kabisa akipiga paja. Kimeu alijitahidi kubaki mwenyekiti, akashindwa.

"Yaani Injinia anapima kazi ya mbuzi!" alisema, akifuta macho. "Haya, haya. Mama Kavindu, mimi ni mtu mzima. Nilishika nguzo Jumatano, nikaona kamba imeteremka, nikasema Bwana asifiwe kwa sababu nilitaka kwenda nyumbani kula. Simjui mpimaji mwingine, na simtaki. Kigingi hiki kinakwenda wapi?"

"Kishuke. Karibu hatua moja."

Kimeu mwenyewe alikishusha. Cha saba na cha tisa vilipandishwa. Ndinda alivipima vyote kumi tena, mbele ya macho ya kila mtu, na kila kipimo alikitamka kwa sauti pamoja na upande wake: moja juu, mbili chini, sufuri, moja chini. Hakuna kilichozidi mbili. Aliandika kila alama, akazikoleza kwa kalamu mpaka karatasi ikaingia mashimo. Kisha majembe yakainuka, wimbo ukaanzia pale pale ulipokuwa umekatikia, na udongo mwekundu ukaanza kuruka upande wa mlima.

Mvua ilinyesha siku ya tisa baada ya mtaro kuchimbwa. Ilianza adhuhuri kwa matone mazito, ikashika kasi, na kwa saa mbili nzima hakuna aliyeona upande wa pili wa bonde. Ndinda alikaa mlangoni mikono mapajani. Gedion alijaribu kuanza hadithi mara mbili, akaziacha zote mbili njiani.

Ilipopungua tu, Ndinda alikuwa amekwisha toka. Gedion alimfuata na mwavuli ambao haukuwa na kazi tena, wakiteleza na kushikana, mpaka wakafika kwa Kasiva. Jiko lilikuwa limesimama. Kasiva alikuwa juu kwenye tuta, amejitanda gunia, ananyoosha kidole tu.

Maji yalikuwa yamejaa mtaro kutoka kigingi cha kwanza hadi cha kumi, ya rangi ya chai ya maziwa, na hayakuwa yakikimbilia popote. Yalikuwa yamelala.

Ndinda alivua viatu akamkabidhi mumewe bila kumtazama. Akapandisha leso, akaingia mtaroni kwenye kigingi cha kwanza. Maji yalimfika chini kidogo ya goti. Alitembea, polepole, akitazama mguu wake. Kwenye cha nne, chini kidogo ya goti. Kwenye cha saba, chini kidogo ya goti. Gedion alimfuata juu ya tuta sambamba naye, na kila alipopita kigingi alimsikia akinong'ona kitu, na hakujua kama ni namba au ni sala.

Kwenye cha kumi Ndinda alisimama. Akatazama nyuma, urefu wote wa maji yale tulivu. Halafu akageuka akarudi tena, safari hii kwa raha tu, akiyapiga maji kwa miguu kama mtoto wa darasa la pili, na Gedion akageuka naye juu ya tuta, viatu vya mkewe mkononi.